Hati ya mashtaka (Tanzania)

Hati ya mashtaka ni maandishi yanayomweleza mshtakiwa wa kesi ya jinai kosa analodaiwa kutenda. Nchini Tanzania inaongozwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 (Sura ya 20). Kifungu cha 132 katika toleo la 2019 kinataka hati itaje kosa mahususi, pamoja na maelezo yanayotosha kumfahamisha mshtakiwa aina ya kosa hilo. Maneno yake yanafanana sana na ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1915 kuhusu hati za mashtaka; Kenya nayo ina kifungu cha namna hiyohiyo, cha 134.

Yaliyomo

Kila shtaka lina sehemu mbili. Ya kwanza hutaja jina la kosa na kifungu cha sheria kilichovunjwa. Ya pili, maelezo ya kosa, hutaja mshtakiwa, tarehe, mahali, kitendo chenyewe na aliyetendewa, kwa lugha ya kawaida. Makosa kadhaa yanaweza kuwekwa katika hati moja, lakini kila moja huandikwa kama shtaka lake.

Ugumu huwa katika sehemu ya pili, kwa kuwa maelezo lazima yaoneshe viini vyote vya kosa. Katika unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa mfano, haitoshi kusema mshtakiwa aliiba simu akiwa na panga. Mahakama ya Rufani imeamua mara kadhaa kwamba hati imtaje mtu aliyetishwa au kupigwa, maana bila nguvu au vitisho dhidi ya mtu, kinachobaki ni wizi. Vilevile, anayeshtakiwa kumbaka mtoto anapaswa kuelezwa umri wa mtoto huyo, kwani mtoto wa chini ya miaka 18 kwa kawaida hahesabiwi kuwa ameridhia.

Tarehe pia ina uzito: mtu anayesema siku hiyo alikuwa safarini hawezi kuleta mashahidi wake kama hajui ni siku gani.

Kasoro

Si kila kasoro huvunja kesi. Kifungu cha 388 kinaruhusu makosa yasiyomnyima mshtakiwa haki kupuuzwa. Kwa msingi huo, Mahakama ya Rufani imewahi kukubali hati iliyotaja kifungu kisicho sahihi, kwa sababu maelezo yalikuwa wazi. Lakini kiini cha kosa kikikosekana, hukumu inaweza kufutwa kwenye rufaa hata kama ushahidi ulikuwa mzito. Ni matokeo machungu kwa mlalamikaji, hasa ikizingatiwa kwamba mara nyingi hati ingeweza kurekebishwa mapema: kifungu cha 234 kinaruhusu marekebisho wakati kesi ikiendelea. Baada ya marekebisho mshtakiwa husomewa shtaka upya ili ajibu, na anaweza kutaka mashahidi waliokwisha kutoa ushahidi waitwe tena.

Kwingineko

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa undani unaomwezesha kulijibu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 14, unaongeza kuwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa.