Dalali wa mkopo wa nyumba, si dalali wa rehani

Kimbiji, huku Kigamboni, hakuna asiyemjua dalali. Ndiye anayeshinda kijiweni na simu mbili, anayejua kiwanja kipi cha upande wa baharini kinauzwa na kipi kina kesi. Ukipata chumba kupitia kwake unamlipa kodi ya mwezi mmoja. Kiwanja kikiuzika, anataka asilimia kumi yake. Wengine hudai hata hela ya kukuonyesha tu. Kwa hiyo mwandishi wa habari za fedha akitaka kumweleza yule mtu wa Uingereza anayezunguka kwenye mabenki akimtafutia mteja mkopo wa kununulia nyumba, kalamu inamkimbilia: "dalali wa rehani". Neno hilo linampoteza msomaji.

Kwetu dalali na rehani hukutana mnadani. Mkopaji akishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yaliyoletwa na sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, inataka apewe notisi ya siku 60. Siku zikiisha na deni halijalipwa, benki inaweza kuiuza nyumba, na anayefika na kipaza sauti ni dalali. Mwambie mkazi wa Temeke kwamba dalali wa rehani anakuja kesho, aanze kuhamisha makochi.

Tena rehani si mkopo. Fedha mtu hukopa. Nyumba ndiyo huwekwa rehani. Anayekwenda benki anatafuta mkopo, na rehani ni sharti analokutana nalo humo. Ndiyo sababu napendekeza tuseme dalali wa mkopo wa nyumba. Ni refu, lakini halimtishi mtu bure.

Wapo wanaoona neno dalali lina harufu mbaya na wangependa "wakala" au "mshauri". Siwaungi mkono. Kwenye bima tayari tunatofautisha: wakala wa bima anaiuzia kampuni yake, dalali wa bima anasimama upande wa mteja na kumtafutia kampuni inayomfaa. Kijana wa mauzo anayekuja ofisini kwenu na fomu za benki moja ni wakala, hata akivaa tai ya mshauri. Dalali wa kweli anapaswa kuwa na benki nyingi mkononi. Na harufu hiyo ina faida yake, kwa kuwa inatukumbusha kuuliza nani anamlipa. Uingereza mara nyingi benki ndiyo humlipa kamisheni mkopo ukipita, na baadhi ya madalali humtoza mteja ada pia. Kazi yenyewe iko chini ya mamlaka ya usimamizi wa huduma za fedha, na dalali anatakiwa kumweleza mteja analipwa vipi. Hapa kwetu kazi hiyo haijawa taaluma yenye sura inayojulikana, kwa hiyo anayejiita hivyo muulize maswali mara mbili.

Je, ujitafutie mwenyewe? Tanzania ina benki zipatazo 30 zinazotoa mikopo ya nyumba, baadhi zikipata fedha za muda mrefu kutoka TMRC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2010 kwa kazi hiyo. Tofauti ndogo ya riba si ndogo. Shilingi milioni 50 kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 17 inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, ni rejesho la karibu shilingi 769,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 15 ni karibu 700,000. Mwisho wa safari umeokoa zaidi ya milioni 12, nazo ni bati na madirisha ya nyumba nyingine. Mtu akikupatia tofauti hiyo kwa ada ya haki, mlipe na umshukuru.

Lakini mkazi wa Kimbiji akipanda daladala hadi Feri na kuvuka kwa pantoni, upande wa pili mabenki hayako mbali. Siku moja inatosha kuingia matatu na kumuuliza kila afisa mikopo mambo yaleyale: riba ni ya salio linalopungua au ya mkopo wote tangu mwanzo, ada ya kuandaa mkopo ni kiasi gani, mthamini na bima analipa nani, na nikilipa mapema kuna adhabu? Aliyeajiriwa aanze kwa mwajiri wake, maana huenda ana makubaliano na benki fulani.

Kinachowakwamisha wengi huko Kigamboni hakihusiani na dalali wala riba. Ni karatasi. Kiwanja kilichonunuliwa kwa maandishi ya serikali ya mtaa na mashahidi wawili kinaweza kuwa chako kabisa machoni pa majirani, lakini benki ya mkopo wa nyumba inataka hati miliki, na hakuna dalali wa mkopo anayeweza kuitoa mfukoni. Kama ni nyumba ya familia, sheria inataka mwenzi wako aridhie kuiweka rehani.

Ushauri wangu: aliye na hati na mshahara unaopita benki ajitafutie. Mwenye biashara yenye mapato yasiyonyooka, au aliye ughaibuni anayejenga kwa simu, ndiye anayemhitaji dalali wa mkopo wa nyumba, na amtake aandike, kabla ya kupokea hata shilingi moja, ni benki zipi anafanya nazo kazi na nani anamlipa.