Kabla ya Podikasti: Kitabu na Redio Mkoani Mara

Mwaka 1968 serikali ya Tanzania ilishirikiana na UNESCO kuanzisha mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima katika mikoa minne ya kwetu Kanda ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Makao yake yalikuwa Mwanza, na uliendelea hadi 1972. Wazo lake lilikuwa rahisi. Mkulima hatakaa darasani jioni akiwa amechoka ili akariri a-e-i-o-u tu. Mpe kitabu kinachozungumzia pamba yake. Basi vikaandikwa vitabu vya kujifunzia kusoma kupitia kilimo cha pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi. Ukiifahamu Bunda, mji wa pamba, unaelewa kwa nini mtu mzima alikuwa radhi kufungua kitabu cha namna hiyo.

Baadaye ikaja redio. Kampeni inayokumbukwa kuliko zote ni Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Radio Tanzania ilirusha vipindi kwa wiki 12, na watu karibu milioni mbili nchi nzima walisikiliza wakiwa kwenye vikundi vijijini. Naomba usikimbie hapo kwenye "vikundi". Watu walikuwa hawakai kila mmoja na redio yake akafunga mlango. Redio zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Kikundi kilikaa, kikasikiliza, mmoja akasoma kwa sauti sehemu ya kitabu iliyoendana na kipindi, kisha wakajadiliana na kukubaliana la kufanya. Viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo walikuwa kama 75,000. Yaani sauti ya redio ilikuwa kipande kimoja tu cha kazi. Vipande vingine vilikuwa kitabu, na mtu anayejulikana pale kijijini aliyekaa katikati ya wenzake.

Nayarudia haya kwa sababu kuna vijana wa Musoma, Bunda na Butiama wanaotaka kuanzisha podikasti ya vitabu vya watoto na vijana, na wameniomba, kwa kuwa kazi yangu ni uandishi wa habari, niwasaidie kutafuta msaada. Bajeti yao ina maikrofoni mbili, kompyuta mpakato na bando la miezi sita. Nimeipenda sana, ila nina neno moja nayo: haina hata kitabu kimoja.

Historia inatuonya hapo hapo. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima nchini walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wamebaki asilimia 9.6. Ni kazi kubwa, hata ukizipunguza kidogo kwa shaka ya kitakwimu. Lakini sensa ya 2012 ilikuta wanaojua kusoma na kuandika ni kama asilimia 78. Tulirudi nyuma. Sababu ni nyingi, uchumi wa miaka ya 1980 ukiwa wa kwanza, lakini mojawapo inatuhusu sisi wapenzi wa vitabu: mtu akishamaliza kitabu cha pamba, alisome lipi? Lilikuwepo gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililochapishwa Mwanza miaka ya 1970, na maktaba chache za vijiji. Hadithi ya kusoma kwa raha tu, ya kumfanya mtu acheke peke yake kibarazani, ilikuwa adimu. Hakuna aliyeipigia kampeni.

Kwa watoto ilikuwa vilevile. Ndiyo maana mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Canada. Utaratibu wake ulikuwa wa kibiashara kuliko wa hisani, na nadhani ndiyo siri yake: mchapishaji akichapa nakala 5,000, mradi unanunua 3,000 na kuzipeleka shuleni na maktaba, zinazobaki anauza mwenyewe. Mchapishaji haogopi hasara, na mtoto anapata hadithi ya Kiswahili.

Sasa hawa wadogo zangu wana kitu ambacho Mtu ni Afya haikuwa nacho. Mwaka 1973 mkubwa alisema kutoka Dar es Salaam, kijiji kikasikiliza na kwenda kuchimba choo. Podikasti yao inampa binti wa kidato cha pili nafasi ya kusema kwamba kitabu fulani kimemchosha, na kwa nini. Hilo peke yake lingenifanya nitoe hela yangu. Ila wachukue kutoka kwa wazee lile la vikundi: shule kumi, kila shule na nakala tano za kitabu cha mwezi, na mwalimu mmoja mwenye simu na spika. Wanafunzi wengi wa bweni hawaruhusiwi simu, na bando si la kila siku. Na wapige hodi kwenye redio zilizopo, Mazingira FM ya Bunda na Victoria FM ya Musoma. Redio bado inafika mahali ambapo intaneti inakatika.

Yapo ya kisheria pia. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitaka hata wenye blogu walipe kiasi cha shilingi milioni mbili na ushee ili wapate leseni. Kanuni zimerekebishwa tangu hapo, kwa hiyo waulize TCRA kabla ya kurekodi. Na kusoma kitabu kizima hewani bila ruhusa ni kumwibia mwandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo. Barua kwa mchapishaji haigharimu kitu.

Kuhusu waanze na kitabu gani, wao wanamtaja Mwalimu, na nawaelewa. Mtoto wa Butiama aliyeongea Kizanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akikaribia miaka 12, halafu akiwa Rais akamfasiri Shakespeare mara mbili. Lakini kila mtoto wa Mara ameshasikia habari za Mwalimu tangu chekechea. Mimi ningewavusha kwa kivuko cha Kisorya, kule Bunda, hadi Ukerewe. Huko ndiko alikotoka Euphrase Kezilahabi, ambaye riwaya yake ya Rosa Mistika, ya 1971, ilipigwa marufuku shuleni. Huko pia aliishi Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa 1980. Miaka 35 ya kungoja! Ni juzuu mbili nene, si za mtoto wa darasa la nne, lakini kisa cha Myombekere na mkewe Bugonoka kinaweza kusimuliwa kwa kipande kipande, na mtangazaji akamwuliza msikilizaji wa kidato cha pili: kwenu nyumbani, nani ana hadithi ambayo haijaandikwa bado?