Mashine ya kupima uongo: Nani anamsimamia anayekupima?

Juni 1, 2018, akihutubia taifa katika sherehe za Madaraka mjini Meru, Rais wa Kenya wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza kuwa wakuu wa vitengo vya ununuzi na uhasibu serikalini watachujwa upya. Mchujo huo ungehusisha poligrafu, mashine ambayo wengi wanaiita kipima uongo.

Kila poligrafu ikitajwa, watu huuliza kama inafanya kazi kweli. Kuna swali jingine ambalo haliulizwi sana, ila kwa mtu ambaye ajira yake iko hatarini ndilo zito zaidi: anayeiendesha mashine hiyo anafuata kanuni za nani, na akikosea unamlalamikia wapi?

Marekani, ambako polisi wa Berkeley, California walianza kutumia kifaa hiki mwaka 1921, wamehangaika na swali hilo kwa miaka mingi. Haya ndiyo majibu waliyofikia, na mahali ambapo bado kuna pengo.

Poligrafu inapima nini hasa?

Inarekodi pumzi, presha, mapigo ya moyo na jasho la vidoleni. Mabadiliko hayo yanaonekana kama mistari kwenye kompyuta. Hakuna mstari unaoitwa "uongo".

Kazi kubwa anaifanya mpimaji. Yeye ndiye anayetunga maswali na kuzungumza nawe kabla ya kipimo. Anachanganya maswali ya tukio lenyewe, mfano "Wewe ndiye uliyechukua zile pesa?", na maswali ya kulinganisha, mfano "Umewahi kumdanganya mtu aliyekuamini?" Baadaye anaangalia mwili wako ulishtuka zaidi kwenye swali lipi, anatoa alama, kisha anaandika ripoti.

Tatizo ni kwamba moyo unaweza kwenda mbio kwa sababu unadanganya, na unaweza kwenda mbio kwa hofu, hasira au aibu tu. Kwa hiyo mpimaji mvivu, aliyelipwa vibaya au aliyeshaamua mapema kuwa una hatia anaweza kukuharibia maisha bila mashine kuwa na hitilafu yoyote.

Chama cha wapimaji

Chama kinachofahamika zaidi katika kazi hii ni American Polygraph Association, kwa kifupi APA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1966. Kina katiba yake, bodi ya uongozi na kanuni za maadili ambazo kila mwanachama anatakiwa kuzifuata. Pia kinakagua na kuidhinisha vyuo vinavyofundisha wapimaji.

Mwanachama anayefanya kazi hatakiwi kuridhika na cheti alichopata zamani. Kila baada ya miaka 2 anatakiwa awe ametimiza angalau saa 30 za mafunzo ya kujiendeleza.

Kanuni za maadili zinasema nini?

Ukizisoma kwa lugha rahisi, nyingi zinamlinda mtu aliyekaa kwenye kiti:

- Pesa: Mpimaji haruhusiwi kupokea malipo, zawadi au fadhila zinazolenga kubadilisha maoni yake. Malipo yake hayawezi kutegemea matokeo, kwa mfano bosi kumwambia "ukimkamata mwizi nakuongezea".
- Ripoti: Hairuhusiwi kuandika ripoti ya uongo au ya kupotosha.
- Uamuzi: Huwezi kutoa uamuzi wa uhakika kama data uliyopata kwenye mwili wa mtu haitoshi.
- Siri: Mambo binafsi yaliyojitokeza kwenye mahojiano, ambayo hayahusiani na suala linalochunguzwa na yanaweza kumwaibisha aliyepimwa, hayatolewi kwa mtu mwingine, isipokuwa sheria itake hivyo.
- Sheria: Kipimo hakifanywi kama lengo lake ni kukwepa au kuvunja sheria.
- Matangazo: Mpimaji hatakiwi kujitangaza kwa madai ya uongo.

Kanuni ya siri ina uzito wake. Watu huongea mengi kabla ya kupimwa, kuanzia ndoa na madeni mpaka ugonjwa. Bila kanuni hiyo, uchunguzi wa pesa zilizopotea unaweza kuishia na ofisi nzima kujua mambo ya nyumbani kwako.

Kanuni zinaishia wapi?

Chama kinaweza kupokea malalamiko, kumwonya mwanachama, kumsimamisha au kumfukuza uanachama. Hakiwezi kumfunga wala kukurudishia kazi yako.

Na asiyekuwa mwanachama je? Chama hakimgusi. Baadhi ya majimbo ya Marekani yanataka mpimaji awe na leseni, mengine hayana sharti hilo. Mtu akifukuzwa chamani lakini anaishi kwenye jimbo lisilo na leseni, hakuna kibali cha serikali cha kumnyang'anya.

Kuna ugumu mwingine pia. Chama kinachoandika maadili ndicho kinachotetea soko la kazi hiyo. Mwaka 2011, mapitio ya tafiti yaliyofanywa na APA yalifikia wastani wa usahihi wa takriban asilimia 87, bila kuhesabu vipimo ambavyo havikutoa jibu. Wanasayansi walio nje ya chama hawajashawishika kirahisi hivyo.

Mwaka 2003, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti iliyosema kwamba kwenye tukio moja mahususi poligrafu hutofautisha mkweli na mwongo vizuri kuliko kubahatisha, lakini mbali na ukamilifu. Kwa kuchuja wafanyakazi wengi kwa pamoja, ripoti ilionya kuwa usahihi wake hautoshi.

Ilitoa mfano huu. Chukua wafanyakazi 10,000, kati yao majasusi 10. Kipimo kikiwekwa kiwakamate majasusi 8, kitawatia hatiani pia karibu watu 1,600 wasio na kosa. Na majasusi 2 bado watapita.

Hilo la kupita lilishatokea. Aldrich Ames, ofisa wa CIA aliyekuwa akiuza siri kwa Wasovieti, alipimwa mwaka 1986 na 1991, mara zote akapita. Alikamatwa mwaka 1994.

Sheria ikaweka meno

Mwaka 1988 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi dhidi ya poligrafu, inayojulikana kama EPPA. Kwa ujumla inamkataza mwajiri binafsi kumlazimisha au hata kumwomba mfanyakazi apimwe. Serikali haibanwi na sheria hiyo, na kuna nafasi maalumu kwa baadhi ya kampuni za ulinzi na za dawa.

Pesa au mali ikipotea, kampuni inaweza kuomba kipimo kwa masharti makali:

- Mfanyakazi apewe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla.
- Awe na haki ya kusimamisha kipimo wakati wowote.
- Asiulizwe kuhusu dini, siasa, rangi, chama cha wafanyakazi au mambo ya kitandani.
- Asifukuzwe kwa matokeo ya mashine peke yake, bila ushahidi mwingine.

Mpimaji naye anabanwa. Kila kipimo kisipungue dakika 90, na kwa siku asipime zaidi ya watu 5. Anatakiwa awe na dhamana au bima ya angalau dola 50,000, na leseni pale jimbo linapoitaka. Mwajiri akivunja sheria, anaweza kupigwa faini au kushtakiwa na mfanyakazi.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kanuni za chama zinamwambia mpimaji afanye kazi vizuri, sheria inakupa wewe njia ya kudai haki yako asipofanya hivyo.

Kwetu je?

Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumfukuza kwa utovu wa nidhamu, kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki. Nchi zote mbili zina sheria ya kulinda taarifa binafsi, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Sheria hizi hazikuandikwa kwa ajili ya poligrafu, ila matokeo ya poligrafu hayazifuti.

Ukiambiwa ukapimwe, uliza haya kwanza

1. Mpimaji amesomea wapi, na yuko chini ya chama gani?
2. Analipwa na nani, na malipo yanategemea matokeo?
3. Nitaonyeshwa maswali yote kabla ya kuanza?
4. Kipimo kitarekodiwa, na nitapata nakala ya ripoti?
5. Ripoti itasomwa na nani, na itahifadhiwa wapi?
6. Nikikataa au nikisimamisha katikati, itakuwaje?

Omba majibu kwa maandishi na usisaini fomu ya ridhaa ambayo hujaisoma. Ukihisi unalazimishwa, ongea na chama chako cha wafanyakazi au mwanasheria kabla ya siku ya kipimo, kwa sababu ukishasaini na kupimwa, kupinga ripoti kunakuwa kugumu zaidi.