Tiketi za treni kati ya Dodoma na Dar es Salaam

Tiketi za treni kati ya Dodoma na Dar es Salaam huuzwa na Shirika la Reli Tanzania (TRC) kwa abiria wa reli ya kisasa (SGR) inayounganisha makao makuu ya nchi na jiji kubwa la biashara. Umbali wa njia hiyo ni km 444. Kila tiketi ni ya abiria mmoja, tarehe moja na treni moja, nayo hukatwa kabla ya kupanda.

Historia

Reli ya kwanza kati ya miji hiyo ni Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Upana wake ni milimita 1,000. Sehemu ya Kilosa hadi Gulwe imeharibiwa mara nyingi na mafuriko.

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Hata hivyo ofisi nyingi ziliendelea kubaki pwani kwa miaka mingi, na watu wenye shida za kiserikali, biashara au matibabu walisafiri kwenda na kurudi, wengi wao kwa basi.

Ujenzi wa SGR, yenye upana wa milimita 1,435, ulianza mwaka 2017. Treni za umeme zilianza kubeba abiria hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024 na hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huduma hiyo rasmi tarehe 1 Agosti 2024. Safari ambayo kwa basi huchukua saa 8 hivi sasa huchukua takriban saa 4.

Nauli

Nauli hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) kwa kufuata umbali. Viwango vya mwaka 2024 kwa treni ya kawaida kutoka Dar es Salaam vilikuwa hivi:
* Morogoro: shilingi 13,000
* Kilosa: shilingi 18,000
* Gulwe: shilingi 25,000
* Dodoma: shilingi 31,000

Hii ni karibu shilingi 70 kwa kilomita. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, na mwenye umri chini ya miaka 4 halipi. Treni ya haraka, ambayo watu huiita "Mchongoko", husimama vituo vichache na nauli yake ni kubwa zaidi.

Utaratibu huu ni tofauti na ule wa treni nyingi za kimataifa za Ulaya, kama ile ya London hadi Paris, ambako bei hupanda kadiri viti vinavyopungua. Kwa nauli inayopangwa na LATRA, anayechelewa kukata tiketi hapandishiwi bei, bali huweza kukosa kiti kabisa, hasa karibu na sikukuu.

Kukata tiketi

Abiria hukata tiketi kwenye tovuti ya TRC au dirishani stesheni. Anayetumia tovuti huchagua kituo cha kuondokea, kituo cha kushukia, tarehe na treni, kisha huandika jina na namba ya kitambulisho. Mfumo humpa namba ya kumbukumbu ya malipo, naye hulipa kwa simu au benki. Kuwa na namba hiyo si kuwa na tiketi. Kiti huwa chake baada ya kulipa.

Jina kwenye tiketi lilingane na lile la kitambulisho. Kwa hiyo anayemkatia mzazi au jirani asiyetumia intaneti huandika taarifa za msafiri, si zake mwenyewe.

Stesheni

Stesheni ya SGR ya Dodoma si ile ya zamani iliyoko katikati ya mji. Abiria anayetoka kata za jiji kama Chang'ombe huhitaji kujua jambo hili mapema, kwani anayekwenda stesheni ya zamani kwa makosa huweza kuachwa na treni.

Kuvuka mpaka

Tiketi ya SGR haimfikishi abiria nje ya Tanzania. Anayekwenda Zambia kwa reli hufika kwanza Dar es Salaam, kisha hukata tiketi nyingine ya TAZARA, reli ya km 1,860 inayoishia New Kapiri Mposhi. Kutoka hapo huenda Lusaka kwa barabara. Upana wa TAZARA ni milimita 1,067, hivyo mabehewa ya reli moja hayawezi kupita kwenye nyingine. Kwa kuwa hitilafu za umeme zimewahi kusimamisha treni za SGR njiani, ni salama zaidi kuacha siku moja kati ya safari hizo mbili.