Pidan: Mayai ya Bata Yanayohifadhiwa kwa Chokaa na Majivu

Pidan ni mayai, hasa ya bata, ambayo Wachina wamekuwa wakiyahifadhi kwa alkali tangu enzi ya nasaba ya Ming (1368–1644). Mafundi wa zamani walichanganya udongo, majivu ya kuni, chokaa iliyochomwa, chumvi na chai iliyokolea, wakayapaka mayai mabichi tope hilo. Kisha waliyavingirisha kwenye pumba za mpunga ili yasigandamane, wakayaweka mitungini kwa wiki kadhaa au miezi.

Chokaa ikikutana na majivu yenye unyevu huzalisha alkali kali, nayo hupenya vitundu vya ganda. Ute huganda bila moto na kuwa wa kahawia, huku kiini kikigeuka kijani cheusi kwa sababu salfa ya yai huungana na chuma. Mengine huota juu ya ute fuwele zenye umbo la majani ya msonobari, na hayo ndiyo yanayosifiwa zaidi.

Baadaye viwanda vilianza kuloweka mayai katika maji ya kostiki soda na chumvi. Baadhi viliongeza oksidi ya risasi ili kudhibiti upenyaji wa alkali, ingawa risasi ni sumu. Siku hizi yapo mayai yasiyotiwa risasi, na hayo ndiyo ya kununua.