Ukerewe: Riwaya iliyosubiri miaka 35, na vijana waliopita chuo kikuu

Kisiwa cha Ukerewe, mkoani Mwanza, kimetoa waandishi watatu wanaosomwa hadi nje ya nchi: Aniceti Kitereza, Gabriel Ruhumbika na Euphrase Kezilahabi. Wawili wa mwisho walifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitereza alisoma shule za misheni tu.

Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Nani angeichapa kwa lugha hiyo? Hakupatikana mtu. Mzee akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na hadithi ya Myombekere na mkewe Bugonoka ikatoka mwaka 1980 kupitia Tanzania Publishing House. Mwaka uliofuata akafariki.

Kezilahabi, aliyezaliwa 1944, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Umri miaka 27! Mwaka 1974 akaja na Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani. Wapo waliosema hayo si mashairi kabisa. Ugomvi ukawa mkubwa, lakini angalau alikuwa na watu wa kubishana naye. Kitereza kisiwani hakuwa nao.

Ugomvi huo ulizaa hata vitabu vya kufundishia. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu: kanuni za kutunga, pamoja na mashairi yao wenyewe. Mulokozi baadaye aliiongoza TUKI, taasisi ya Kiswahili iliyoanza chuoni hapo 1964. Mwaka 2009 TUKI iliunganishwa na Idara ya Kiswahili, ikawa TATAKI.

TATAKI msingi wake ni lugha, isimu na fasihi. Shule ya kutunga hasa ni kitu kingine. Ile ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ipo tangu 1936. Pale mwanafunzi analeta andiko lake, wenzake wanalichambua akiwa amekaa anasikiliza (si kazi rahisi hiyo), na riwaya au diwani yake ndiyo inahesabiwa kuwa tasnifu.

Jijini Mwanza, SAUT ya Malimbe, iliyoanzia Nyegezi mwaka 1960 na kuwa chuo kikuu 1998, imejijengea jina kwenye uandishi wa habari.

Na riwaya ya Kitereza? Wasomaji wa Kiingereza waliipata mwaka 2002. Aliyeitafsiri, moja kwa moja kutoka Kikerewe, ni Ruhumbika.