Tabia za mgonjwa

Tabia za mgonjwa ni mabadiliko ya mwenendo yanayompata binadamu au mnyama mwingine wakati mwili wake unapambana na maambukizi au jeraha. Yaliyo ya kawaida zaidi ni uchovu, usingizi mwingi, kukosa hamu ya chakula, kuhisi baridi, maumivu ya viungo, kutopenda mazungumzo, kushindwa kutuliza mawazo na kutofurahia mambo ambayo siku nyingine humpendeza mhusika.

Kwa muda mrefu mabadiliko hayo yalidhaniwa kuwa udhaifu tu unaosababishwa na vijidudu. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wengi wanayatazama kama kazi ya mfumo wa kinga wenyewe: kinga huujulisha ubongo kwamba kuna vita mwilini, na ubongo hubadilisha mwenendo ili nguvu zielekezwe kwenye vita hivyo. Kwa hiyo mtu anayejilaza akiwa na homa si mvivu, wala hajashindwa na ugonjwa. Mara nyingi kulala huko ni sehemu ya kujitibu.

## Jinsi zinavyotokea

Seli nyeupe za damu zinapotambua bakteria, virusi au vimelea kama vile vya malaria, hutoa protini ndogo zinazoitwa sitokini. Zinazojulikana zaidi katika suala hili ni intaleukini-1, intaleukini-6 na ile inayofupishwa kwa herufi TNF. Sitokini ni kama barua zinazotumwa kutoka seli moja kwenda nyingine, lakini baadhi ya barua hizo hufika hadi ubongoni.

Habari hupita njia zaidi ya moja. Njia ya haraka ni neva ya vegasi, ambayo inaunganisha ubongo na moyo, mapafu, ini na utumbo. Njia nyingine ni damu: sitokini zinapogusa kuta za mishipa midogo ya ubongo, seli za kuta hizo hutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini E2. Kemikali hiyo hufika katika haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, na kuifanya ipandishe kiwango cha joto inachokilinda. Ndiyo sababu mgonjwa mwenye joto la nyuzi 38 hutetemeka na kuomba blanketi: mwili wake unajiona bado ni wa baridi kulingana na kiwango kipya.

Paracetamol, ibuprofen na aspirini hupunguza homa na maumivu kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini. Utendaji huo wa aspirini ulielezwa na Mwingereza John Vane mwaka 1971, naye akapata pamoja na wenzake Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982.

## Historia ya utafiti

Mwaka 1964 mwanasaikolojia Neal Miller wa Marekani aliwachoma panya sindano yenye sumu ya bakteria isiyo na bakteria hai. Panya wenye kiu walioizoea kazi ya kubonyeza kitufe ili wapate maji waliacha kubonyeza. Ilionekana kwamba wamelegea tu. Lakini walipowekwa ndani ya pipa linalozunguka, ambalo lingesimama kwa muda kila wanapobonyeza kitufe, walibonyeza zaidi kuliko kawaida. Nguvu walikuwa nazo; kilichobadilika ni walichokitaka. Badala ya kutafuta maji walitafuta kupumzika.

Matokeo yanayofanana nayo yalipatikana mwaka 1997 nchini Ufaransa kwa panya wanaonyonyesha. Waliochomwa sumu ya bakteria katika chumba chenye joto la kawaida waliacha kujenga kiota. Chumba kilipopozwa hadi nyuzi 6, ambapo watoto wangekufa kwa baridi, mama hao waliokuwa wagonjwa walijenga. Ubongo, basi, hupima lipi ni la lazima zaidi, kupumzika au kulinda watoto.

Mwaka 1975 Matthew Kluger na wenzake walichapisha jaribio kuhusu iguana wa jangwani (*Dipsosaurus dorsalis*). Mjusi hawezi kujipasha joto kwa ndani, hivyo akiugua hutafuta mahali penye joto zaidi. Iguana walioambukizwa bakteria waliwekwa katika vyumba vya nyuzi 34 hadi 42. Kwa jumla, waliopata joto la kiwango cha homa waliishi zaidi ya waliozuiwa kulipata.

Mwaka 1988 Benjamin Hart, daktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, aliunganisha habari hizo katika makala moja. Alidai kwamba kulegea, kujikunyata na kukataa chakula kwa mnyama mgonjwa ni mkakati uliopangika, unaokwenda pamoja na homa. Tangu hapo watafiti kama Robert Dantzer wamechunguza zaidi njia zake katika ubongo.

## Maelezo ya kimageuko

Kadiri ya nadharia ya mageuko, tabia inayosaidia kuishi na kuzaa huenea katika vizazi kupitia uteuzi asilia. Swali ni jinsi gani kulala na kukosa chakula kunaweza kumsaidia kiumbe ambaye kila siku anatafuta riziki na kukimbia maadui. Majibu yanayotolewa ni haya:

* Kuhifadhi nishati. Kupandisha joto la mwili kwa nyuzi 1 huongeza matumizi ya nishati kwa takriban asilimia 10 hadi 13. Asiyetembea wala kucheza hubakiza nishati kwa ajili ya homa na kutengeneza seli za kinga.
* Kupunguza joto linalopotea. Mwenye kujikunyata hupoteza joto kidogo kuliko anayezunguka.
* Kuwanyima vijidudu chakula. Bakteria wengi huhitaji madini ya chuma ili waongezeke. Wakati wa maambukizi mwili huficha chuma ndani ya seli zake na kupunguza kinachofyonzwa kutoka utumboni.
* Kuepuka hatari. Mnyama dhaifu anayebaki mafichoni hakutani na maadui wala washindani.
* Kuwakinga jamaa. Anayejitenga huambukiza wachache. Faida hii inajadiliwa sana, kwa kuwa inawaendea wengine kuliko mgonjwa mwenyewe.

Suala la chuma lina mfano mzito kutoka Afrika Mashariki. Katika kisiwa cha Pemba, Zanzibar, ambako wakati huo malaria ilienea sana, watoto wadogo walipewa vidonge vya chuma na asidi foliki katika utafiti mkubwa uliokusudiwa kupunguza upungufu wa damu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kulazwa hospitalini, na sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya muda wake. Hata hivyo, watoto waliopimwa na kukutwa na upungufu wa chuma, ambao pia walifuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria, walinufaika. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba katika maeneo ya malaria utoaji wa chuma uende pamoja na kuzuia na kutibu ugonjwa huo.

## Msongo na kinga

Kinga na msongo hutumia akiba ileile ya nishati, hivyo mwili hulazimika kuchagua. Mtu anapokutana na hatari, tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini na baadaye kotisoli. Homoni hizo huongeza mapigo ya moyo na sukari katika damu ili mtu apigane au akimbie, kama alivyoeleza Walter Cannon mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1936 Hans Selye alionyesha kwamba panya wanaoteswa kwa njia tofauti kabisa, kama vile baridi, jeraha au sumu, hupata madhara yanayofanana, likiwemo kusinyaa kwa tezi ya thimasi, ambamo seli fulani za kinga hukomaa.

Kotisoli hupunguza utoaji wa sitokini. Kwa hiyo mtu aliye katika hatari anaweza kuahirisha kwa muda tabia za mgonjwa. Kotisoli hushuka usiku, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kueleza kwa nini homa na maumivu huzidi kuanzia jioni.

Msongo mfupi huamsha baadhi ya seli za kinga, lakini ule wa miezi au miaka huzivuruga. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la Uingereza ambamo watu 394 wenye afya, waliojitolea, waliwekewa puani virusi vya mafua. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo zaidi, ndivyo alivyoelekea zaidi kuambukizwa na kuugua. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake huko Ohio, Marekani, walipima muda wa kupona kidonda kidogo. Wanawake waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau walichelewa kupona kwa siku 9 hivi kuliko wenzao wasio na mzigo huo.

Nchini Kenya, nyani wa Amboseli wamefuatiliwa tangu mwaka 1971. Kumbukumbu zao zinaonyesha kwamba madume wa vyeo vya juu hupona vidonda haraka kuliko wa chini. Hata hivyo dume anayeshika nafasi ya kwanza ana homoni nyingi za msongo kuliko anayemfuata, kwa kuwa hulinda nafasi yake kila siku. Hivyo uhusiano wa cheo, msongo na kinga hauendi kwa mstari mmoja.

## Kinyaa na unyanyapaa

Kabla vijidudu havijaingia mwilini, tabia yenyewe inaweza kuwa ngao. Kinyaa kinachomfanya mtu aondoe uso mbele ya usaha, kinyesi au nyama iliyooza kimeitwa sehemu ya "kinga ya kitabia", jina lililoenezwa na Mark Schaller wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Watu hutambua pia dalili ndogo: katika jaribio lililotolewa mwaka 2018 huko Sweden, watazamaji waliweza kutambua kwa picha ya uso tu, kwa kiwango kinachozidi kubahatisha, nani alikuwa amechomwa sumu ya bakteria saa 2 tu zilizopita.

Kinga hiyo hukosea mara nyingi, kwa sababu huongozwa na sura na si kipimo. Makovu, ulemavu au ngozi iliyobadilika rangi huweza kumfanya mtu aepukwe ingawa hana cha kuambukiza. Watu waliopona ukoma wamebaguliwa kwa miaka mingi kwa sababu ya vidole vilivyoharibika, wakati dawa zilikwisha kuua bakteria wao. Vilevile VVU haviambukizwi kwa kupeana mikono wala kula sahani moja, lakini wengi waliokuwa navyo walitengewa vyombo. Kutengwa huko ni msongo mpya juu ya ugonjwa, na huwafanya wengine wasipime wala wasitumie dawa. Methali isemayo "mficha maradhi kifo humuumbua" inamwonya mgonjwa, lakini mara nyingi anayesababisha maradhi yafichwe ni jamii inayomzunguka.

## Uhusiano na sonona

Tabia za mgonjwa zinafanana sana na sonona: uchovu, kutopenda watu, kukosa furaha na hamu ya chakula. Kufanana huko kulionekana wazi kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa kwa intafironi-alfa, ambayo ni sitokini. Wengi wao walipata sonona kamili wakiwa katika matibabu, hata wasiokuwa nayo kabla. Kwa hiyo baadhi ya wataalamu wanaona kwamba uvimbe wa ndani wa muda mrefu unachangia sonona kwa sehemu ya wagonjwa. Si wote: wengi wenye sonona hawana dalili ya uvimbe, na ugonjwa huo una sababu nyingine za kurithi, za maisha na za jamii.

## Umuhimu katika malezi na tiba

Kujua asili ya tabia hizi kunasaidia kumpa mgonjwa mapumziko bila kumlaumu. Lakini hakumaanishi kwamba ugonjwa uachwe uende wenyewe. Homa katika maeneo ya malaria inahitaji kipimo mapema. Dawa za kushusha homa hutolewa hasa ili kumpunguzia mgonjwa mateso. Aspirini haipewi watoto bila amri ya daktari.

Kwa mtoto mdogo, kulegea kupita kiasi ni jambo la dharura. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au anayelala bila kuamka vizuri anapaswa kufikishwa kituo cha afya mara moja. Hapo usingizi si mapumziko tena.

Pia tabia zilizosaidia wazee wetu wa kale hazifai kila wakati. Katika majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2016, kulishwa kwa nguvu kuliwadhuru walioambukizwa bakteria fulani, lakini kuliwasaidia walioambukizwa virusi vya mafua. Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa binadamu. Mtoto mgonjwa aendelee kunyonyeshwa na kupewa vinywaji na chakula kidogokidogo, na baada ya kupona aongezewe chakula ili arudishe uzito.

## Tazama pia

* Homa
* Mfumo wa kinga
* Kotisoli
* Sonona
* Uteuzi asilia
* Unyanyapaa